Nakala Pekee ya Bwana Kibano

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Waliomheshimu walimwita Bwana Kibano, na wasiomheshimu, ambao ndio waliokuwa wengi, walimwita Kibano tu. Jina hilo alilipata kwa haki kabisa. Alikuwa muuza dawa, na mfukoni mwa koti lake jeupe kulikaa kibano kidogo cha chuma, kile cha kutolea miiba na vipande vya chupa kwenye nyayo za watu. Ila miiba haikuwa kazi ya kibano hicho. Kazi yake ilikuwa kufunulia kurasa za vitabu vya zamani vya katuni, maana vidole vya binadamu, kwa imani ya Kibano, vina mafuta, vina jasho, na vina nia mbaya.

Alikuwa na madaraja yake. Daraja la kwanza ni kitabu ambacho ungedhani kimetoka kiwandani jana: jalada halijafifia, mgongo haujavunjika, kona zimesimama, na zile pini mbili za katikati hazijaota kutu. Daraja la pili ni kitabu kilichowahi kuangaliwa na mtu. La tatu ni kilichosomwa. La nne ni kilichopendwa, na hicho, kwa Kibano, hakikuwa na tofauti na karatasi ya kufungia misumari.

Tatizo ni kwamba madaraja hayo hayakuishia kwenye vitabu. Aliyapa madaraja matibabu ya hospitali jirani, mahubiri, harusi za watu, na hata misiba. Picha ya harusi yake mwenyewe, iliyotundikwa sebuleni, aliipa daraja la pili kwa sababu kona moja ilikuwa imejikunja. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, alimpokea kwa mikono miwili, akamgeuza, akaona alama nyekundu mgongoni, akasema, "Kasoro ndogo tu. Ukimlaza chali haionekani." Mama mkwe wake alikuwepo chumbani. Mama mkwe huyo amekula chumvi nyingi na mengi ameyasahau, lakini hilo hajalisahau.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja walilala yeye na mkewe, kimoja walilala wanawe wawili wa kiume, na cha tatu, chenye dirisha kubwa na hewa safi kuliko vyote, kilikaliwa na katuni. Dirisha lenyewe lilizibwa kwa mbao ili jua lisifubaze rangi, na hewa safi ilipigwa marufuku kwa sababu ya unyevu. Kila kitabu kilivaa mfuko wake wa plastiki uliofungwa kwa gundi, na ndani ya kila sanduku Kibano alitia vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makopo ya vidonge. Wanawe walipokua na kuhama, mkewe alidhani sasa atapata mahali pa kuweka cherehani yake. Alikuwa fundi nguo, akishonea sebuleni tangu siku ya kwanza, na nyuzi zake zikilala chini ya kochi. Kumbe Kibano naye alikuwa akizisubiri siku hizo. Masanduku yakahamia chumba cha watoto kabla vitanda havijapoa, na mama mkwe, kila alipokuja kutembea, aliendelea kulala kwenye kochi, huku mguu wa cherehani ukimchungulia usoni.

"Mama yako ni mgeni wa siku mbili," Kibano alimwambia mkewe. "Hivi vitabu vinakaa."

"Ndiyo maana nakuuliza," alijibu mkewe. "Vinakaa kwa ajili ya nani?"

Akaendelea kushona. Mwanamke yule alikuwa na subira ya kutisha.

Sasa, Kibano alikuwa na rafiki. Hilo lenyewe ni la kushangaza, lakini lilikuwa kweli. Rafiki huyo alikuwa Kinyozi, na walijuana tangu wakiwa darasa moja, enzi ambazo kitabu kimoja cha katuni kilisomwa na darasa zima mpaka kinageuka uji. Kinyozi hakuwahi kutoka kwenye enzi hizo. Kwenye kibanda chake cha kunyolea, chenye kioo chenye ufa na benchi la mbao, kulikuwa na stuli, na juu ya stuli kulikuwa na rundo la katuni za zamani, zile zile ambazo Kibano alizivalisha plastiki. Wateja walizisoma wakisubiri zamu. Walizikunja, walilamba vidole kuzifunua, walizitumia kujipepea. Ukifungua ukurasa wowote, nywele za watu watatu zinakuangukia mapajani.

Kibano hakustahimili kuingia humo. Alisimama mlangoni kila Jumamosi jioni, baada ya kufunga duka, wakapiga soga yeye akiwa nje na Kinyozi ndani. Hata watoto wake, walipokuwa wadogo, ni mkewe aliyewapeleka kunyolewa na kukaa nao kwenye benchi, kwa sababu baba yao alisema akiona vile mtu anavyofungua kitabu kwa kidole gumba anapandwa na presha.

"Wewe ni muuaji," alimwambia Kinyozi.

"Na wewe ni mlinzi wa makaburi," Kinyozi alimjibu, akipiga brashi shingo ya mteja. "Hivi, maiti zako hazijambo?"

Kilichowaunganisha zaidi ya utani huo ni Inspekta Kakakuona. Huyu alikuwa askari wa katuni mwenye magamba, mnene, mwoga, ambaye kila hatari ikija hujiviringisha kama mpira, na wezi wakijikwaa juu yake ndipo anapowakamata. Katika vitabu kumi na moja alimsaka mwizi mmoja tu, mwizi wa kengele ya shule, na wale watoto wawili walikua wakibishana mwizi ni nani. Toleo la kumi na mbili, la mwisho, lilipochapwa, kiwanda kikafungwa wiki ile ile. Nakala zikapotea. Walipokuwa watu wazima, Kinyozi akaikuta moja kwenye mizigo ya mteja aliyekuwa akihama. Baadaye Kibano naye akapata yake kwa muuza vitabu chakavu, ikiwa ndani ya plastiki, imefungwa, safi kama yai. Kwa habari zilizokuwepo kwa wakusanyaji wote wa katuni aliowafahamu, hakukuwa na ya tatu.

Kinyozi yake aliisoma siku hiyo hiyo, amesimama, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi. Akaitupa kwenye stuli pamoja na nyingine.

Kibano yake hakuifungua. Ungemuuliza thamani ya kitabu inapimwaje, angekuambia ni mambo matatu. La kwanza ni uchache, yaani ziko ngapi duniani. La pili ni hali, yaani zimeumia kiasi gani. La tatu ni ukamilifu, yaani kurasa zote ziwemo, na hili alilitaja haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayekusomea maandishi madogo kwenye boksi la dawa. Kufungua plastiki ni kuvunja mgongo, kuvunja mgongo ni kushuka daraja. Kwa hiyo mtu aliyeutafuta mwisho wa hadithi ile tangu utotoni akawa nao kabatini, na hakuujua.

"Nidokeze tu," alimbembeleza Kinyozi. "Mwizi ni nani? Mwalimu mkuu?"

"Unayo yako nyumbani," alisema Kinyozi. "Kaifungue."

"Basi niazime yako, nitaisomea hapa hapa mlangoni."

"Ya nini wakati unayo yako nyumbani? Siku utakayoifungua, njoo nayo tuisome pamoja, mimi na wewe. Vinginevyo utakufa hujui."

Wateja walicheka. Kibano akacheka pia, kwa meno ya mbele tu. Miaka ikapita hivyo hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na jibu likawa lile lile.

Kisha Kinyozi akapata kiharusi. Kilimkuta kibandani, mteja amenyolewa upande mmoja. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umekwenda upande, na maneno yalimtoka moja moja. Kibano alikwenda kumwona, akampelekea dawa, na kwa mara ya kwanza hakumpa mtu daraja lolote. Alirudi nyumbani akalia jikoni. Mkewe alimsikia, akasimamisha cherehani mpaka alipomaliza.

Siku chache baadaye mke wa Kinyozi akaja dukani kwake na bahasha ya kaki.

"Shemeji," alisema, "mwenzako amenituma. Hiki kitabu, sijui Kakakuona, anasema amesahau mwisho wake. Ugonjwa umemfutia. Miisho mingine yote anaikumbuka, huo umetoka. Linamsumbua jambo hilo kuliko hata mkono."

"Si umsomee, shemeji?"

"Nimejaribu, akakishika akanikatalia. Mimi hayo makaratasi sijawahi kuyafungua maishani mwangu, labda ndiyo maana. Anakutaka wewe. Anasema, basi, ameshindwa yeye. Uje nacho mkisome wote wawili."

Kibano akaipokea bahasha. Alipochungulia ndani na kuona ni nini, nusura amrudishie. Angalau hilo tumhesabie.

Lakini kuna jambo ambalo mke wa Kinyozi hakulijua. Majuma mawili kabla, Kibano alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mtathmini, mnunuzi wa katuni adimu kwa niaba ya jumba la makumbusho. Habari za toleo la kumi na mbili zilikuwa zimemfikia. Aliuliza maswali ya kitaalamu, na Kibano aliyajibu kitaalamu, akiwa amesimama wima kwenye korido kana kwamba anapigiwa wimbo wa taifa. Swali la mwisho lilikuwa hili: je, kuna nakala nyingine?

"Hakuna," alisema Kibano. "Yangu ni nakala pekee inayojulikana."

Si fedha zilizomponza, ingawa hakuzichukia. Ni yale maneno. Nakala pekee. Aliyasikia yakimtoka mdomoni, yakamwingia masikioni, akavimba kichwa mpaka kofia ikambana. Aliona kibao kidogo chini ya kioo cha makumbusho, na jina lake, lile la wazazi, limeandikwa hapo. Na wala hakuona kama amedanganya. Aliona amesema ukweli uliotangulia kidogo, na sasa, kwenye bahasha ya kaki, ukweli wenyewe ulikuwa umemfuata mpaka dukani.

Mke wa Kinyozi alipopiga simu kesho yake kuuliza atakuja lini, alisema, "Kitabu kina fangasi, shemeji. Nakitibu kwanza."

Alikiweka juu ya meza, chini ya taa, akakikagua. Jalada lina selotepu ya kahawia. Kona tatu zimeliwa. Kuna duara la kikombe juu ya uso wa Inspekta. Nywele kila mahali. Daraja la nne, tena la nne kwa kuhurumiwa. Hakukifungua. Huyu mtu, aliyeuota mwisho ule tangu akiwa na kaptula, alikuwa nao mbele yake, bila plastiki, bila gundi, na hakuufungua, kwa sababu alijijua. Alijua akisoma ukurasa mmoja tu, mkono utamkatalia.

Mchana mmoja mkewe alipokwenda kununua vifungo, Kibano alitoka uani kwenye debe la kuchomea takataka. Kabla ya kuwasha kiberiti alichomoa zile pini mbili za katikati kwa kibano chake, maana zilikuwa za kiwandani, hazina kutu, na kutupa pini nzima ni dhambi. Akazitia kwenye kopo la vidonge. Kisha akawasha. Karatasi ile ya zamani ilishika moto upesi sana, na alisimama hapo akijiambia anafanya jambo la kitaalamu, kwamba ni usimamizi mzuri wa mkusanyiko. Machozi yalimtoka. Akasema ni moshi.

Mkewe alirudi na vifungo, akasimama mlangoni, akanusa.

"Nani kaunguza nywele humu?"

"Nywele?"

"Nasikia harufu ya nywele."

"Labda jirani," alisema Kibano, akaenda kunawa mikono.

Mkewe akatazama debe, akamtazama yeye, akaweka vifungo mezani. 

Mtathmini alifika siku ya mapumziko. Alikuwa mwembamba, ana mkoba wa ngozi na miwani iliyofungwa kwa kamba. Kibano alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani. Alivaa glavu. Alileta toleo la kumi na mbili kwa mwendo wa bwana harusi, akaliweka katikati ya kitambaa, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri kuabudiwa.

Mtathmini akatoa wembe, akapasua plastiki.

Kibano alipiga ukelele ambao jirani walidhani ni wa msiba. "Bwana! Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Ukaguzi gani huo? Umeona jalada! Umeona kona!"

"Jalada ni nguo tu, bwana," alisema mtathmini kwa upole. "Kitabu hukaguliwa ndani. Wewe hukukikagua?"

Akafunua kwa kidole gumba. Akafunua tena. Akaguna. Kisha akakigeuza kitabu kuelekea kwa mwenyewe, naye Kibano, kwa mara ya kwanza maishani, akaangalia ndani ya hazina yake. Hapo palikuwa na Inspekta Kakakuona akikimbizwa na mbuzi sokoni. Kibano alimjua mbuzi yule. Watoto wote wa darasa lao walimjua. Mbuzi huyo ni wa toleo la tatu.

"Walipokuwa wanafunga kiwanda," mtathmini alieleza, akirudisha wembe mkobani, "majalada mapya yalizidi, na kurasa za zamani zilikuwa zimebaki maghalani. Wakazishona pamoja, wakazitia kwenye plastiki, wakauza wamalize. Hizi nimeshakutana nazo nyingi tu. Zina mvuto wake, lakini si adimu."

Kibano alitaka kukaa, ila kiti kilikuwa mbali.

"Kusema kweli," mtathmini aliendelea, "sikuja kwa ajili ya hii peke yake. Nilisikia kuna nyingine hapa mjini, imechakaa sana, kwenye kibanda cha kinyozi, watu wanaisoma. Niliposikia watu wanaisoma, nikajua hiyo ndiyo halisi. Hali yake hainisumbui hata kidogo. Nataka kurasa. Unaifahamu?"

"Ilikuwepo," alisema Kibano.

"Imekwenda wapi?"

Kibano aliangalia dirisha. Kupitia dirisha hilo debe la takataka lilionekana vizuri sana. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi suruali ya mtu pembeni, naye akaangalia huko huko.

"Imeharibika," alisema.

Mtathmini alisikitika kwa adabu, akanywa maji, akaaga. Kwenye kitambaa cheupe aliacha plastiki iliyopasuliwa.

Kwa mambo mengine Kibano alikuwa mwoga kuliko Inspekta mwenyewe, na angeweza kujiviringisha humo chumbani mpaka dunia isahau. Lakini kulikuwa na mgonjwa anayesubiri kusomewa. Kesho yake alikwenda. Kinyozi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, ndevu zimemwota vibaya, kinyozi asiye na wa kumnyoa. Alipoona kitabu mkononi mwa rafiki yake, jicho la upande mzima likang'aa.

Kibano akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua. Alikuwa amejipanga njia nzima. Angetunga. Angesoma maneno ya kichwani na kufunua kurasa, na mgonjwa angeridhika. Akakohoa, akaanza, "Basi, Inspekta Kakakuona akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu…"

Kinyozi akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka kidole juu ya mbuzi.

"Ya tatu hii," alisema.

"Ndiyo."

"Yako… umeifungua?"

"Imefunguliwa. Ndiyo hii. Ndani ni ya tatu."

Kinyozi alifikiri. Ilimchukua muda, na Kibano alimwona akifika pale alipoogopa afike.

"Yangu?"

Kibano alitafuta maneno ya kitaalamu, usimamizi, uhifadhi, fangasi, hakupata hata moja. Alitia mkono mfukoni, akatoa kopo la vidonge, akamwagia pini mbili kwenye kiganja cha rafiki yake.

"Nimeichoma," alisema. "Nilitaka yangu iwe peke yake. Nisamehe, ndugu yangu. Hizi ndizo zilizobaki."

Kinyozi alizitazama zile pini. 

"Uliisoma… kwanza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata jalada la ndani."

Hapo mabega ya Kinyozi yakaanza kutikisika. Kibano alidhani ni kiharusi cha pili, akasimama kumwita shemeji yake, kumbe ni kicheko. Kilianzia tumboni kikapanda, kikatoka kwa upande mmoja wa mdomo, na machozi yakatoka kwa macho yote mawili, na haikujulikana ni ya nini. Mke wa Kinyozi akaja mbio kutoka jikoni. Hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ile ya mteja wa upande mmoja.

"Mpumbavu," Kinyozi alisema alipopata pumzi. "Daraja… la kwanza." Akapumua tena. "Hana… nakala ya pili."

Kisha akageuza uso ukutani. Zile pini alizifumbata, na Kibano hakuambiwa akae wala aondoke.

Alichofanya Kibano baada ya hapo kilishangaza mtaa. Aliingia kibandani. Kibanda kilikuwa kimekodishwa kwa kinyozi mwingine, lakini wateja ni wale wale, na Kibano alikaa nao kwenye benchi, katikati ya nywele, akiuliza mmoja mmoja: unakumbuka Kakakuona wa mwisho? Mwizi alikuwa nani? Wazee kwa vijana walimtazama, mlinzi wa makaburi, ameshika kofia mkononi. Seremala akasema mwizi ni mwalimu mkuu. Dereva wa lori akaapa ni mbuzi. Mwingine akasema kengele haikuibwa kabisa. Kila jibu Kibano alilipeleka mbio kitandani, na kila jibu Kinyozi alilisikiliza amefumba macho, akatikisa kichwa.

"Feki," alisema. Mwisho hakuukumbuka, lakini alijua kwamba siyo huo.

Habari za debe zilimfikia mke wa Kibano kupitia kwa mke wa Kinyozi, ingawa pua yake ilishamwambia zamani. Jioni moja mumewe aliporudi kutoka kibandani, mabega yamelegea, nywele za watu zimemganda kwenye suruali, alizima cherehani.

"Bado unatafuta mwisho wa kile kitabu?"

"Nimeshindwa, mama. Hakuna anayeukumbuka."

"Mimi naukumbuka."

Kibano akatoa macho.

"Nimewapeleka watoto wako kunyolewa miaka yote ile," alisema mkewe. "Foleni ya Kinyozi unaijua. Ulidhani nilikuwa nahesabu mende? Kile kitabu nimekisoma mpaka nimekichoka."

"Na hukuniambia!"

"Uliwahi kuniuliza?"

 Ni kweli. Alikuwa ameuliza wakusanyaji wa miji mitatu, ameuliza seremala, ameuliza dereva wa lori. Mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja hakumuuliza.

"Basi niambie," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa kaptula. "Niambie sasa hivi."

"Haraka ya nini?" Mkewe alikuwa akijifunga kitambaa kichwani. "Mgonjwa kwanza."

Walikwenda pamoja, yeye mbele, Kibano nyuma. Mke wa Kinyozi akawafungulia. Mke wa Kibano aliinama kitandani, akanong'ona, na Kinyozi akafumbua macho yote mawili kwa pamoja. Kisha akamwita kwa kidole, akamwambia kitu sikioni. Yule mama akatabasamu, akaja mpaka mlangoni alipokuwa mumewe, akamsukuma nje taratibu kwa kiganja kilichozoea kunyoosha vitambaa, akafunga.

Kibano akabaki kwenye korido. Aliegemeza sikio kwenye mbao. Alisikia sauti ya mkewe ikipanda na kushuka, akisimulia bila haraka. Alisikia "Inspekta", akasikia "kengele", kisha sauti ikashuka na yale muhimu yakapotea. Aliinama kwenye tundu la ufunguo. Likazibwa na sketi. Mkono wake, wenyewe tu, ukawa unapekua mfukoni ukitafuta kibano.

Ndani, Kinyozi alicheka. Safari hii kilikuwa kicheko kizima, cha mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Ndiyo!" alisema. "Ndiyo huo! Huo ndio!"

Kibano akagonga mlango kwa kidole kimoja. "Shemeji? Mke wangu? Jamani, nidokezeni basi. Neno moja tu."

 Kisha ikaja sauti ya Kinyozi, nzito, ya upande mmoja, lakini kwa mara ya kwanza tangu augue maneno yalimtoka bila kukatika.

"Mwambieni anayo yake nyumbani."